Ndugu wa Winans, gurudumu lao, na swali la "karatasi mnayo?"

Mradi ukija, mwekezaji akija, afisa akija na riflekta yake na tableti mkononi, swali la kwanza kwa mvuvi wa hapa Lamu ni lile lile tu, karatasi mnayo? Na mvuvi hana. Leseni ya chombo pengine anayo, kadi ya BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, anayo, lakini karatasi ya kusema huu mkondo ni pake pa kuvua hana, babake hakuwa nayo na babu yake ndo kabisaa. Mimi kazi yangu ni kuchapia watu barua na afidaviti kwa hiyo hilo swali linaniingia dukani kila mara, na ndo maana nilipokutana na kesi moja ya Marekani ya 1905, United States dhidi ya Winans, nikaisoma usiku mpaka simu ikazima. Nawasimulia manake mawakili wetu wakitaja kesi za nje basi ni Uingereza, Uingereza, na hii kusema kweli ni tamu zaidi.

Kuna mto unaitwa Columbia, kaskazini magharibi ya Marekani, sehemu yake moja ndio mpaka wa jimbo la Washington na jimbo la Oregon. Samaki aina ya samoni huingia kutoka baharini wakaupanda kwenda kutaga juu huko. Sasa karibu na mji wa The Dalles palikuwa na mahali maji yamebanwa na miamba yanaporomoka kwa kelele, samaki wanakusanyika hapo wakitafuta pa kurukia, na hapo ndipo watu wa kabila la Yakama na majirani zao walikuwa wakivua tangu enzi na enzi, mtu anasimama juu ya kijukwaa cha mbao kilichotokeza juu ya maji, ana wavu wa mpini mrefu, anateka. Wanawake wanapasua na kukausha pale pale, na makabila mengine yanatoka mbali na bidhaa zao kuja kubadilishana. Soko zima.

Mwaka 1855 serikali ya Marekani ikataka ardhi. Gavana Isaac Stevens akakaa nao Walla Walla, mwezi wa sita mkataba ukatiwa sahihi, Wayakama wakaachia nchi kubwa ajabu wakabakia na eneo lao la kukaa. Lakini jambo moja hawakuliachia. Mkataba ukaandika kwamba wana haki ya kuvua mahali pote walipozoea kuvua, pamoja na raia wengine, na kujenga vibanda vya muda vya kukaushia samaki. Soma tena hapo. Mahali pote walipozoea, hata nje ya eneo lao, hata kwenye ile ardhi walokwisha kuitoa. Ni kama mtu anauza shamba lakini anabakisha njia ya kwenda kisimani, anayenunua ananunua na ile njia ikiwa ndani yake.

Miaka ikaenda, 1889 Washington ikawa jimbo kamili, ardhi za kando ya mto zikagawiwa zikauzwa, na ndugu wawili wa ukoo wa Winans wakajikuta na ardhi pale pale penye maporomoko. Hati wanazo, zimetoka serikali kuu. Na leseni ya jimbo wanayo, ya kutumia gurudumu la kuvulia. Hili gurudumu ngoja niwaeleze manake mimi mwenyewe ilibidi nitafute picha. Ni gurudumu kubwa la mbao lenye vikapu vya wavu, linawekwa kwenye mkondo, maji yenyewe ndo yanalizungusha, kila kikapu kikishuka kinazoa samaki na kikipanda kinawamwaga kwenye sanduku pembeni. Usiku na mchana. Hakuna anayeshika mpini, hakuna anayesema mgongo unauma leo tupumzike. Akina Winans wakaweka hayo magurudumu na wakawafungia Wayakama wasipite ardhini kwao kufika majini, na serikali kuu ikawashtaki kwa niaba ya Wayakama. Korti ya chini ikatupilia mbali kesi. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani.

Tusiwaonee akina Winans, hoja zao zilikuwa na nguvu na ukizisikia leo pwani yetu utazitambua mara moja. Walisema hivi, mkataba unasema "pamoja na raia wengine", sawa, raia wa kawaida hawezi kuingia kwenye ardhi ya mtu binafsi akavua, basi na Myakama naye hawezi, wako sawa, kuna ubaguzi gani hapo? Halafu wakasema Washington sasa ni jimbo lenye hadhi sawa na majimbo mengine, mto na samaki ni mamlaka yake, na jimbo ndilo lilotupa leseni. Tena chombo chetu ni cha kisasa, hatuwezi kukaa nacho bega kwa bega na watu wenye nyavu za mpini.

Jaji Joseph McKenna ndiye aloandika uamuzi, na jaji mmoja tu, White, ndiye alokataa. McKenna akasema ukiusoma mkataba hivo basi Wayakama walitoa nchi yao wakapata kile ambacho wangekipata hata bila mkataba, yaani hawakupata kitu, na haiwezekani taifa litoe neno lake kwa ajili ya kitu hewa. Akasema haki ya kwenda pale kwenye samaki, kwa hawa watu, ilikuwa karibu sawa na hewa wanayovuta. Na kisha ndo akaweka lile jiwe la msingi la kesi nzima: ule mkataba haukuwa wa kuwapa Wayakama haki, ulikuwa wa kuchukua haki kutoka kwao, na zile ambazo hawakuzitoa zikabaki kuwa zao. Kwa hivyo ardhi ya akina Winans, hati isihati, iliuzwa ikiwa tayari imebeba ule mzigo, na kuwa jimbo mwaka 1889 hakukuufuta. Na gurudumu? Hakusema ling'olewe. Alisema kuvua kwa gurudumu ni halali kama ilivyo halali mtu kuacha mundu akatumia mashine ya kuvunia, ila ukisasa wa chombo chako haukupi ruhusa ya kumfukuza mwenzako.

Mimi hapo nilisimama nikazunguka chumbani.

Manake juzi tu nilikuwa namchapia ami yangu afidaviti. Ami ni mvuvi wa mshipi na malema, mtu wa maneno machache. Fomu inataka "eneo la uvuvi". Akaanza kunieleza, andika, ukitoka mlangoni ukiweka ule mnara wa msikiti juu ya mkoko mrefu, na huku nyuma ile nyumba nyeupe ikagusana na ncha ya mchanga, hapo ndipo, kina pima saba, chini pana matumbawe, changu wapo na tewa wapo, lakini bamvua usiende, maji yanakimbia, malema yatapotea, nenda maji mafu. Nikamwambia ami, fomu ina mstari mmoja. Akanitazama. Nikamuuliza ulianza lini kuvua hapo akasema nilipelekwa na baba sijaanza hata kufunga saumu, na yeye alipelekwa na babake. Nikamuuliza nani aliwapa ruhusa. Akauliza, ruhusa ya nini?

Hilo jibu la ami ndilo hilo hilo la McKenna ukiondoa Kizungu chake. Lakini kwenye barua nyingi ninazoletewa watu wanaandika "tunaomba serikali itupe haki ya kuvua", na ukishaomba kupewa umekubali kwamba hukuwa nayo.

Sasa msidhani mambo yaliisha 1905 wakaishi raha mustarehe. Korti za majimbo hazikupenda ile hukumu. Mwaka 1915 Myakama mmoja anaitwa Alec Towessnute alikamatwa akivua samoni kwenye mto Yakima, makosa yake hana leseni, anatumia kulabu, na yuko karibu mno na bwawa. Jaji wa kwanza akaifuta kesi, akasema huyu ana mkataba. Jimbo likakata rufaa, na 1916 mahakama ya juu ya jimbo la Washington ikamgeuzia kibao, ikasema ile kesi ya Winans ni ya njia ya kupita tu kwenye ardhi za watu, haimwondolei mtu sheria za jimbo za uvuvi. Ingeishia hapo tungesema ni tofauti ya kisheria, lakini jaji akaendelea na matusi, ati mwenyeji wa asili ni mtoto, tena mtoto wa hatari, na ati hakuna milki inayotambulika ila iliyotoka kwa mzungu. Kwenye hukumu ya korti hiyo, imepigwa chapa. Mwezi wa saba 2020 mahakama hiyo hiyo ikakaa ikaikana ile hukumu na kufuta kosa la Towessnute. Miaka 104, na mwenyewe keshazikwa zamani.

Mwaka huo huo wa 1916 hata Mahakama ya Juu ya nchi ikayumba. Watu watatu wa kabila la Seneca huko New York walikamatwa wakichoma samaki kwa mkuki kwenye kijito, nao walikuwa na mkataba wa 1797 ulowabakishia kuvua na kuwinda kwenye ardhi walioiuza, na korti, kwa kalamu ya Jaji Hughes, ikasema haki mnayo lakini sheria za jimbo za kuhifadhi samaki zinawahusu. Ukiuliza tofauti na Winans ni nini utapewa maelezo marefu, mimi sikuridhika nayo.

Iliyonifurahisha ni ya 1919, Seufert Brothers dhidi ya United States. Hawa Seufert walikuwa na kiwanda cha samaki wa kopo upande wa pili wa mto, upande wa Oregon, na wakasema mkataba wa Wayakama unahusu nchi waloitoa wao ambayo iko kaskazini ya mto, huku kusini palikuwa pa makabila mengine kwa hiyo hawana lao. Kwenye ramani wako sawa. Lakini kortini wakaletwa mashahidi wa kueleza kwamba Wayakama tangu kale walikuwa wakivuka mto kuja kuvua huku, wakichanganyika na wenzao, kila mtu akijua. Mahakama ikasema mkataba ulisema mahali pote walipozoea, na mazoea ndiyo haya, mstari wa ramani usituletee. Kumbukumbu za watu zikaishinda ramani! Mtu wa Pate anayeshuka mpaka Kiwayuu na Kiunga kwa msimu anaelewa ninachosema, samaki hajui kata wala wadi.

Baadaye, 1942, Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kumtoza Myakama ada ya leseni kwa haki ambayo ni yake, na 1974 Jaji George Boldt akaamua makabila yenye mikataba ya namna hii yana fungu la mpaka nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa kwenye sehemu zao. Magurudumu yenyewe wala hayakufika huko, wapiga kura wa Oregon waliyapiga marufuku 1926 na wa Washington 1934.

Na sisi? Yetu mnaijua. Bandari mpya ya Kililana, mikondo imechimbwa, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, na kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Hapa hatukuwa na mkataba wa 1855 wa kushika mkononi, na bado korti ilisikia. Hilo ni kubwa, wanaobeza wabeze. Ila pesa za fidia mimi zinanipa wasiwasi na sababu ni hao hao Wayakama. Mwezi wa tatu 1957 bwawa la The Dalles lilifunga milango na maji yakapanda yakayafunika yale maporomoko yote, yanaitwa Celilo, mahali penyewe pa kesi. Makabila manne yakalipwa zaidi ya dola milioni 26 kwa pamoja. Haki ya kwenda kuvua pale wanayo mpaka leo, pale ndo hapapo. Kwa hiyo mtu akiniambia haki imelindwa, mimi nauliza na mahali je, na nataka jibu lije kabla ya mashine ya kuchimba.

Basi ombi langu kwenu. Kama nyumbani mna mzee alievua na akili zake bado timamu, chukua simu mrikodi, na usimuulize "haki zetu" atakupa hotuba. Muulize mahali, anapalinganisha na nini, msimu gani, kusi au kaskazi, chombo cha nani, nahodha nani, walilala wapi, samaki waliwauzia nani. Kama kuna risiti za zamani za forodha au daftari la mtu wa duka lilokuwa likiwakopesha, msizitupe. Mawakili wa Seufert walishindwa na maneno kama hayo. Nileteeni nitachapa, bei tutaelewana, na wanaotoka Kizingitini na nauli ile ya boti nitawapunguzia.