Mfereji wa Tatu

Juzi mke wangu alikuwa akitwanga viungo vya pilau, na harufu ya karafuu ilipofika barazani nilijikuta nimeshika shavu la kushoto. Watu wa kwetu Pemba harufu hiyo huwakumbusha msimu na majamvi yaliyotandazwa kando ya njia. Mimi hunikumbusha kiti cha daktari wa meno, kwa kuwa mafuta ya karafuu yakichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutoa dongo la kuzibia jino kwa muda, na mtu akishaijua harufu ya dongo hilo haimtoki tena.

Lilikuwa gego la chini, na habari za mwanzo nitazipita upesi: maumivu ya usiku, chai ya moto isiyonyweka, Bi Mkubwa akinisukumia karafuu nzima niibane kwenye ufizi, na shemeji akisisitiza kwamba jino bovu halina tiba ila koleo. Kisha asubuhi moja maumivu yakakoma. Nyumba nzima ilishukuru, na Bi Mkubwa akazihesabia karafuu zake ushindi, mpaka taya lilipovimba hata nikashindwa kufungua mdomo vizuri.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu. "Shikamoo, mwalimu," alisema, akaliona shavu, akaacha kuuliza habari za nyumbani. Aliligonga jino kwa mpini wa kioo chake, akapiga picha ya eksirei, kisha akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi mmoja, mahali ambapo mfupa ulikwisha kuliwa. Ndani ya jino, alisema, mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama ya kidole ikivimba hupata pa kutanukia, lakini ya jino imezungushiwa kuta ngumu pande zote, hivyo uvimbe huibana mishipa yake yenyewe mpaka damu ikatike na nyama ife. Maumivu hukoma kwa sababu hakuna tena cha kuuma, ilhali vijidudu vinaendelea kushuka kuelekea mfupani. Nilimwuliza kama vidonge visingetosha.

"Dawa husafiri kwa damu, mwalimu," alinijibu, "na humo ndani damu haifiki tena. Lazima tuingie wenyewe."

Alinichoma sindano ya ganzi nyuma kabisa ya taya, akalizungushia jino kitambaa cha mpira ili mate yasiingie wala dawa zisinitiririkie kooni, akatoboa. Usaha ulipopata njia, mzigo uliokuwa umenijaa tayani ulishuka mara moja. Harufu yake sitaieleza.

Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, lakini ndani ya mizizi hiyo hupita mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na kazi ya daktari ni kuutafuta kila mmoja na kuusafisha hadi mwisho wake. Alikuwa na visindano vya chuma vyenye makali madogomadogo, ncha ya vile vyembamba ikiwa na upana wa milimita 0.1 tu. Alikishika kimoja kwa vidole viwili na kukizungusha kama mtu anayefungua kufuli kuukuu, huku kijimashine kilichounganishwa na ndoano mdomoni mwangu kikilia kumjulisha kwamba anakaribia ncha ya mzizi. Mfereji wa kwanza ulikuwa kimya. Wa pili ulikuwa kimya. Nilikwisha kuanza kuhesabu vigae vya dari, nikiamini kwamba anachokwangua ni maiti tu, aliposogeza kisindano pembeni kidogo, na kitu kama radi kikanipiga kutoka tayani hadi utosini. Miguu yangu iliinuka yenyewe.

Alisimamisha mkono. "Umesikia, mwalimu? Pole sana. Huu bado uko hai."

Alinieleza kwamba nyama yenye uvimbe huwa na uchachu unaoidhoofisha ganzi, kwa hiyo ingebidi aichome dawa mlemle ndani ya mfereji, nami nivumilie kwa muda mfupi. Nikiwa nasubiri sindano ile, nilimhurumia yule mshipa mmoja uliobaki, na lau kinywa changu kisingekuwa kimejaa vyuma ningemwomba daktari autazame upya. Alikuwa kama amenisoma. "Mshipa huu ukiachwa, nao utakufa," alisema, "na utakuamsha usiku." Sindano iliuma kupita radi, kisha sikusikia chochote.

Yaliyobaki yalikwenda kwa ratiba. Aliosha mifereji kwa dawa ya jamii ileile inayotoa madoa ya nguo, akaweka dawa ya chokaa ndani, akaziba juu kwa dongo la karafuu. Baadaye akaijaza kabisa kwa gutapecha, utomvu wa miti ya Rasi ya Malaya, kusini-mashariki mwa Asia. Mwalimu wa historia hakosi neno: nilimwambia kwamba utomvu huohuo ulitumika kufunikia nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, ukiwemo waya uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Aliitikia kwa adabu ya mtu mwenye foleni nje.

Picha ya baadaye ilionyesha kivuli kimepungua na mfupa unarudi. Shemeji hakubali. Kwake, jino lisilo na damu wala fahamu ni samani iliyowekwa kinywani kwa gharama kubwa, nami sina hakika kwamba amekosea kabisa, kwa maana sijui nililiokoa jino au nililihifadhi tu. Humjibu kwamba nikitafuna punje ya mchanga kwenye wali bado naisikia, kwa kuwa nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa zi hai. Husikiliza mpaka mwisho, halafu huniuliza tena bei ya taji, ile kofia ya kufunikia jino, nami huulizia habari za watoto wake.