Siku yangu moja Yogyakarta, pamoja na karafuu

Saa kumi kasorobo alfajiri. Mwezi wa Novemba adhana ya Subuhi huku Indonesia inawahi sana, na msikiti uko nyuma ya ukuta wa chumba changu. Nyumbani Pemba bado ni saa sita kasorobo usiku, mama amelala. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya wanafunzi, wenyewe wanaiita kos, na mwenye nyumba tunamwita Ibu, yaani mama. Yeye huniita Nak, yaani mwanangu. Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilitulia moyo.

Nikitoka msikitini, kama mbingu iko safi, naiona Merapi, mlima wa volkeno, upande wa kaskazini, na kileleni moshi mwembamba kama wa jiko la jirani. Mlima huo watu wa hapa wanauheshimu na wanaufuatilia kila siku. Leo umejificha mawinguni.

Saa moja asubuhi nakula gudeg kwa mama mmoja wa njiani. Ni fenesi changa lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi kwa saa nyingi mpaka likageuka rangi ya udongo. Kwetu fenesi tunalingoja liive, hawa wanaliwahi. Huwa ananiuliza "Apa kabar?", na hiyo kabar ndiyo habari yetu. Meza ni meja, sabuni ni sabun, bendera ni bendera, dunia ni dunia. Mwarabu na Mreno walipita kwao kama walivyopita kwetu. Lakini dada kwao ni kifua, kwa hiyo mtu akijifunza lugha hii awe na subira.

Saa mbili naingia maabara, Chuo Kikuu cha Gadjah Mada. Nasomea mazao baada ya mavuno, na kazi yangu ya mwaka huu ni karafuu. Nilisafiri maelfu ya kilomita kutoka kisiwa cha karafuu nikazikuta zinaningoja ndani ya chupa. Nalinganisha zilizoanikwa juani na zilizokaushwa kwenye tanuri dogo: unyevu umebaki kiasi gani, mafuta kiasi gani. Karafuu iliyokauka vizuri hubakiwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 14 hivi. Mama yangu hana mizani hiyo. Yeye huichukua moja, akaivunja kwa vidole. Ikikatika kwa mlio, "ta!", imekauka, ikipinda, irudi jamvini. Nimemjaribu kichwani mara nyingi dhidi ya mashine, na namwamini.

Mwalimu wangu anapenda kunikumbusha kwamba mkarafuu ni mti wao. Ni kweli. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi hii. Mwaka 1770 Wafaransa waliitorosha miche mpaka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha ya Unguja, Pemba ikabaki ndiyo shamba kuu. Namjibu kwa adabu kwamba mti ni wao, lakini waliopanda juu yake wakaanguka ni wa kwetu pia. Baba yangu anatembea na mkongojo mpaka leo.

Mchana napita haraka: wali, tempe ya soya iliyochachushwa, sala, usingizi wa nusu saa.

Saa nane na nusu Ibu anapiga ukelele uani. Wingu jeusi limekuja, na kerupuk zake, vikaki vya wali, ziko nje kwenye nyungo kumi na mbili. Wanaiita tampah, lakini ni ungo ule ule, kwa msuko na kwa umbo. Niliruka kutoka chumbani bila viatu. Miguu ilishajua kazi: kwetu ukisikia "Anueni!" huulizi, unaacha hata chakula, kwani karafuu ikilowa inavunda, inageuka rangi, bei inashuka. Tulizianua zote nyungo kabla tone la tatu halijaanguka. Ibu akaniuliza nimejifunzia wapi kukimbia hivyo. Nikamwambia, kwa mama. Akacheka, kisha akashika mkono wangu akaupigapiga.

Saa mbili usiku, mvua imekatika. Naketi kwenye angkringan, mkokoteni wa chakula wenye taa hafifu, nanunua nasi kucing, kifurushi cha wali kisichozidi ngumi, na chai ya tangawizi. Mzee mwenye mkokoteni husokota sigara zake mwenyewe. Anafungua kikopo cha bati, ndani mna tumbaku na karafuu iliyosagwa, anaipanga kwa kidole, anaviringisha, anawasha. Inalia kret-kret, na jina la kretek limetokana na mlio huo. Mimi sivuti. Ila moshi ukinifikia, naiona barabara ya Pemba wakati wa msimu, majamvi yametandazwa pande zote mbili. Babu yangu alijua karafuu zake zinakuja huku kuchomwa. Baadaye nchi hii ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Nilimsimulia mzee. Akaitazama sigara yake muda mrefu, akaniuliza jina la kisiwa, akalitamka mara mbili ili alishike.

Saa tatu usiku nampigia mama. Kwao ni saa kumi na moja jioni.

"Umekula mwanangu?"

"Nimekula. Msimu vipi?"

"Mungu anasaidia. Tumechambua mpaka jana usiku, makonyo bado gunia zima. Huko mvua ipo?"

"Ilikuja mchana. Tukaanua."

"Mkaanua nini?"

Kabla sijamjibu akasema, "Ngoja, ngoja, linakuja wingu," akaiweka simu chini. Sikuikata. Nikamsikia anawaita watoto, halafu karafuu zinakokotwa jamvini, kavu kabisa, zinalia.