Ubao ulioandikwa MUNGU NI

Mwezi wa tano 2020 Ziwa Victoria lilitufuata karibu mlangoni. Sisi tuko Kigungu, hapa Entebbe Uganda, juu kidogo, lakini mwembe ambao zamani ulikuwa mbali na maji nikaukuta umesimama ndani kama mtu anaoga. Kipimo cha maji ya ziwa kule Jinja kilisoma mita 13.42, kikapita hata rekodi ile ya 1964 ambayo wazee wetu walikuwa wanatuhadithia. Na mwezi wa nne kisiwa cha majani kilikuwa kimeelea mpaka kwenye bwawa kule Jinja kikaziba mitambo, nchi nzima ikalala giza, sasa mtu unaanza kuheshimu maji.

Lokdauni nayo hiyo, watoto wote wako nyumbani wanakula kama nzige, hela hamna. Nikasema nitalima sukuma wiki na dodo, yaani mchicha, nyuma ya nyumba. Shida ile ardhi yetu ni mteremko na mvua ilikuwa inapiga kila siku, ukimwaga mbegu asubuhi jioni ziko kwa jirani. Nilihitaji mbao za kuzuia udongo na mbao za dukani bei yake we acha tu.

Lakini kule mwaloni mbao zilikuwa zimejaa. Ziwa lilikuwa limebomoa vibanda, uzio wa hizi bichi za matajiri, mitumbwi iliyooza, yote likaja kuyatupa pamoja na gugu maji. Mi mtoto wa Bombo, nimelelewa na mama Mnubi ambaye hata sindano iliyodondoka njiani haokoti bila kuuliza, basi nikaenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Akacheka. Akasema mama chukua zote, zinachana nyavu za watu.

Tukaenda Jumapili asubuhi, mi na wanangu wawili, nimewavalisha gambuti kwa sababu ya kichocho, hayo maji ya pembeni yenye konokono sio ya kuchezea. Nilikuwa naokota kwa macho, yaani kile kizuri ndo nachukua. Kulikuwa na nguzo moja nyeupe, laini, mchanga umeisugua mpaka inang'aa, nikaipenda kama kitambaa cha gomesi, lile gauni letu la sherehe.

Pale pembeni kulikuwa na mzee mmoja fundi wa mitumbwi, Mkongomani, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa anaziba nyufa kwa pamba. Alikuwa anatuangalia kitambo. Mwisho akashindwa kuvumilia, akaja.

"Mama, unajenga nini?"

"Bustani mzee wangu."

Akachukua nyundo akaanza kugonga mbao zangu moja moja, ameinamisha sikio kama daktari. Inayolia ko, ko, anaiweka kulia. Inayolia bu, kushoto. Kulia zilibaki chache na zote zilikuwa mbaya, nyeusi, zimejaa matundu ya misumari. Akasema hizi ni mugavu, ndo tunajengea mitumbwi, maji yenyewe yameshindwa, udongo wako utafanya nini. Moja nzuri tu akaitupa mbali, akaniambia nusa, nikanusa, oil ya injini, akasema ubao umekunywa hiyo miaka yote, usiupandie mboga ya watoto. Halafu akafika kwa nguzo yangu nyeupe. "Hii kalitusi. Mchwa watakula kabla ya Krismasi."

Nikamwitikia ndiyo mzee, na nikaibeba hivyo hivyo.

Bodaboda wakati ule walikuwa wamekatazwa kubeba watu, mizigo tu, basi mbao zikapanda pikipiki kama wakubwa na sisi wenye mbao tukapandisha kilima kwa mguu. Kung'oa misumari ilichukua siku mbili. Mmoja ulitushinda kuuona, kijana wangu wa pili akaukanyaga, tukaenda kudungwa sindano ya pepopunda kwa hela ya posho ya wiki nzima, bustani ya bure hiyo.

Sasa kati ya zile mugavu ulikuwepo ubao mmoja mrefu wa bluu, ubavu wa mtumbwi, umeandikwa kwa rangi nyeupe MUNGU NI, basi. Nikauweka mbele ya tuta la kwanza. Watoto wakaufanya mchezo, kila siku wanamalizia, Mungu ni mkubwa, Mungu ni sukuma, Mungu ni lini shule inafunguliwa. Mi nilikuwa nacheka nao lakini usiku hainitoki akilini. Mtumbwi hauvunjiki peke yake. Nilikuwa najiuliza waliokuwa ndani yake wako wapi, na mi nimewageuza uzio wa dodo. Kuna siku nilitaka niurudishe majini, ila nikiangalia sukuma ilivyoshika nashindwa.

Nguzo nyeupe niliifanya mlango wa bustani. Mwezi wa kumi nikaiegemea kidogo tu, ikakatika mkononi, ndani unga mtupu na mchwa wanakimbia.

Ndo siku hiyohiyo nikafunga fungu kubwa la sukuma nikampelekea yule mzee, kwa aibu, sikutaja nguzo. Yeye akasema twende nione. Akafika, akaona pengo la mlango, akanyamaza, Mungu ambariki. Ila alipouona ule wa bluu akachuchumaa akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari. Akasema huu niliupigilia mimi.

Roho ikaniruka. Nikamuuliza mwenyewe je, mzee?

"Yupo Nakiwogo, anauza samaki. Mtumbwi ulizeeka akauacha hapo ufukweni, maji yakauchukua."

Nikakaa chini kwenye udongo na nguo zangu nzuri. Nikamuuliza sasa ile sehemu iliyovunjika ilikuwa imeandikwa nini, Mungu ni nani, ni nini.

Akaniangalia kama mtoto. "Imevunjika wapi? Jamaa hakumaliza kumlipa mchoraji."