Siku yangu na madaftari ya insha za kidato cha pili

Saa 12 asubuhi nishapanda daladala huku Mbagala, mfuko wa madaftari mapajani. Nafundisha Kiingereza shule ya kata na wiki hii madogo wameandika insha ya kazi anayofanya mzazi.

Saa 1 na nusu mstarini. Usafi, matangazo, tunaingia.

Saa 2 sina kipindi, ndo nasahihisha. Darasa lina watoto sabini na kitu, sasa ukisema upige mstari kila kosa daftari litajaa nyekundu na mtoto hatosoma hata moja. Binti mmoja kaandika "My mother he sell fish. She wake up night and go Ferry." Ukipitisha jicho haraka utaona makosa matupu, lakini mtoto ana kitu cha kusema huyu! Nachagua kosa moja tu, ile s iliyokosekana kwenye sell, wake na go, kwasababu ndo tuliyofundishana juzi, naweka alama pembeni ya mstari bila kumpa jibu, atafute mwenyewe. Hiyo he itasubiri. Chini namwandikia swali: "What does she say at the auction?" maana pale Feri, soko la samaki, alfajiri mnadani ndo insha yenyewe ilipo.

Saa 4 chai, ofisini tukabishana. Mwenzangu anasahihisha kila neno, anasema wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watauliza mbona makosa yameachwa. Hofu yake naielewa kabisa. Nikamwambia huu ubishi hata wataalamu wanao, mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha hakusaidii na kuachwe, 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba kaharakisha kuhukumu, inategemea unasahihishaje. Mimi niko na Ferris. Ninachokataa ni ile "Poor, pull up your socks" halafu basi, mtoto wa miaka 15 afanye nini na hayo maneno jamani?

Saa 5 kipindi cha dabo. Narudisha madaftari bila maksi, wananung'unika, "madam nimepata ngapi?" nawaambia maksi baada ya kuandika upya. Ukishampa namba haangalii kingine, anachungulia ya jirani anafunga daftari. Nikawapa nusu saa nzima ya kuandika upya hapohapo darasani, kwasababu ukisema wakafanye nyumbani kuna wanaopika, kuna wanaouza genge, haifanyiki. Napita dawati kwa dawati. Yule binti karudi na "My mother sells fish. She says to the man, add two small fish or I go." Nilisimama pale nikaisoma mara mbili, mama yake nikamuona kabisa! S kaipata mwenyewe na he hajairudia.

Mchana kidato cha nne, mazoezi ya necta, hayo siku nyingine.

Saa 2 usiku nishakula, napitia yaliyoandikwa upya na sasa natoa maksi, nazipa uzito zaidi kwa aliyejibu swali langu. Wengi s wameirekebisha ila he na she bado zinawachanganya sana, kwahiyo Jumatatu tunaanza na hiyo, na insha ijayo watasomeana wawili wawili kwanza kabla hazijanifikia mimi.