Kifua Kilipoacha Kupiga Mluzi

Agosti ndiyo familia nyingi za Marangu hushuka mashamba ya chini kuvuna mahindi. Kijana mmoja wa sekondari, mwenye pumu tangu utotoni, alishinda kwenye vumbi la mashine ya kupukuchua, na ilipofika jioni kifua kikambana. Zahanati walimpa walichokuwa nacho, kisha wakapiga simu tumfuate. Miaka hiyo nilikuwa nesi wa gari la wagonjwa, na safari zetu nyingi zilikuwa za kuteremsha watu kutoka huko juu mlimani Kilimanjaro hadi KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yanapanda na kushuka. Alijitahidi kunisalimia, "shikamoo" ikatoka vipande viwili. Mluzi wa kifua chake niliusikia toka mlangoni, kabla hata sijagusa stethoskopu. Bibi yake alikataa katakata kubaki nyuma, nami sikuona sababu ya kumzuia.

Nebulaiza ya gari, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, ilikuwa mbovu. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, kijana akavutia dawa kupitia shingo ya chupa, huku mrija wa oksijeni ukiwa puani. Wapo wanaoiona chupa ile ni dalili ya umaskini tu. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu, chupa ya namna hiyo ikitengenezwa vizuri inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu.

Tulipokaribia Himo, mluzi ukakatika.

"Mungu ni mwema," bibi akasema, akiachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu tuondoke. "Kifua kimeachia, mwanangu."

Nilitamani iwe hivyo. Nikapandisha shati la kijana: ngozi kati ya mbavu ilikuwa bado inazama kila akivuta hewa, tena sasa kwa kina kidogo kidogo, na midomo imepiga weusi. Alianza kusinzia. Oksimita ya kidoleni, inayopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, ilikuwa ikisoma 91; sasa ilisoma 84.

"Mangi, weka kando, zima injini," nikamwambia dereva. Gari likitembea, stethoskopu hukuletea matairi na barabara, si mapafu. Nikasikiliza mgongoni juu, nikashuka chini ya mabega, nikaenda kwapani, kulia kisha kushoto, kila sehemu nikilinganisha na mwenzake. Moyo niliusikia, unakimbia. Hewa sikuisikia. Ingekuwa upande mmoja tu ndio kimya, ningewaza pafu lililotoboka na hewa kunaswa kifuani. Lakini pande zote mbili zilikuwa kimya sawasawa, na koo la hewa lilikuwa katikati, halijasukumwa upande.

Mluzi wa pumu hutokana na hewa inayojipenyeza kwenye njia zilizobana. Njia zikibana mno, hewa haitembei tena, na sauti nayo hupotea. Ningekuwa na uwezo, kila mhudumu wa gari la wagonjwa angefundishwa kuuogopa ukimya huu kabla hajafundishwa jina la sauti yoyote. Na hapo chupa yangu haikuwa na msaada mkubwa, maana dawa ya kuvuta inahitaji hewa ya kuibeba. Nikampigia daktari wa zamu, akakubali bila kunikawiza: adrenalini nusu miligramu, msuli wa paja. Nikachoma, dereva akawasha gari na taa zote.

Macho yangu hayakutoka kwenye kifua kile. Nilimwita kijana kwa jina, nikamtikisa bega asilale, nikawa na mfuko wa kupumulishia mkononi.

Karibu na Kiboriloni mluzi ukarudi. Ulianza mwembamba, mwishoni mwa kutoa pumzi, halafu ukajaa kifua kizima. Bibi akaangua kilio.

"Kimeanza tena! Mwanangu, kimeanza tena!"

"Hapana bibi, hewa ndiyo imeanza kupita. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta."

Hakuniamini. Nikamgeuzia oksimita aone namba: 88, baadaye 90. Akaikazia macho hadi getini.

Mapokezi ya dharura nilimweleza daktari kwa mpangilio: mluzi, kimya, saa niliyochoma sindano, mluzi tena. Nilirudia hilo la kimya mara mbili. Kijana sasa alikuwa anapiga mluzi, amefumbua macho, anajibu maswali kwa neno moja moja, na asiyejua yaliyotokea njiani angeweza kumwona ni mgonjwa wa pumu wa kawaida, akamwambia asubiri kwenye benchi. Daktari akasikiliza mgongo pande zote mbili, akaniuliza tena ukimya ulidumu kuanzia wapi hadi wapi. Nikamwambia: kuanzia karibu na Himo hadi karibu na Kiboriloni. Akaita walete magnesiamu ya dripu, ya kulegeza njia za hewa, na kijana akapelekwa moja kwa moja kwenye kitanda chenye mashine.