Asubuhi ya Pili

Kwa miaka mingi haikingi, matembezi ya milimani ya siku moja, ndiyo ilikuwa starehe yangu. Naondoka alfajiri na begi dogo, maji na koti la mvua. Napanda, nashuka, na usiku nalala kitandani kwangu. Trekingi, safari ya miguu ya siku kadhaa, niliichukulia kuwa ni hiyohiyo, ila imerefushwa. Siku tano za kuvuka milima huku hema likiwa mgongoni zilinitoa kwenye dhana hiyo.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa mwendo niliouzoea, nikiwapita wenzangu kila penye mwinuko. Kiongozi wetu, mzee wa maneno machache, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, na kesho utatembea kwa miguu ya nani?"

Jibu nililipata kulipokucha. Mapaja yamekaza, soksi bado mbichi, na kisigino cha kulia kimeota lengelenge kubwa kama kifungo cha koti. Kwenye haikingi ningekuwa nimeshafika nyumbani na kidonda kingepona nikiwa nimepumzika. Hapa zilinisubiri kilomita 18 na mwinuko wa mita 900. Kwa kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, yaani saa moja kwa kila kilomita tano na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, hizo ni zaidi ya saa tano, bila kuhesabu mapumziko.

Mzee alichuchumaa, akaniambia nivue kiatu. Akakausha ngozi, akakata plasta nene mfano wa pete, lengelenge likabaki katikati ya tundu lisiguswe na kitu. Kisha akaligeukia begi langu. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umelegea tumboni. Akaupandisha hadi kwenye mifupa ya nyonga, akaukaza, ndipo akalegeza mikanda ya mabega. Kilo 14 zikahama mabegani papo hapo, zikakalia nyonga. Miaka yote ile sikuwahi kuujali mkanda huo, maana begi la siku moja halikudai.

Maji nayo yalinifundisha kuisoma ramani upya. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hubebi ya siku tano. Unatembea kutoka kijito hadi kijito.

Siku ya tatu tulivuka kimo cha mita 3,000. Nilitamani tusonge mbele, jua lilikuwa bado juu, lakini mzee akakataa katakata. Kuanzia kimo hicho, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, kwa sababu mwili unahitaji muda kuizoea hewa nyepesi. Anayeshuka jioni ileile hana hesabu hiyo. Nilikubali, nikapiga hema.

Usiku ule nililala na soksi mbichi kifuani, ndani ya mfuko wa kulalia. Alfajiri nilizivaa zikiwa kavu, zina joto, nikashika nafasi ya mwisho kwenye msafara.