Wiki ya nne: nyuki ametoka kwenye kopo

Usiku wa kuamkia leo gitaa limenguruma. Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Mnajua nilipokwamia na hii amplifaya ndogo ya gitaa ninayojiundia. Amplifaya ya LM386 (aisii, kidude chenye miguu minane cha kukuza sauti) kwa betri ya volti 9 ilishakamilika, na ule mluzi wa kutoboa masikio niliumaliza kwa rizista ya omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwenye mguu wa 5. Ikabaki sauti yenyewe: nataka ikorome, isiwe safi. Nikifungua hadi mwisho, nyuki kwenye kopo la maziwa.

Wiki tatu nimelaumu visivyohusika. Ile kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, inayopandisha ukuzaji kutoka mara 20 hadi 200, nikaweka ndogo zaidi, kisha nikaitoa kabisa. Nyuki yupo. Nikalehemu waya zote upya, nikaungua kidole cha shahada kwa sababu pasi yangu ya kulehemu ina ncha inayocheza kama jino bovu (rahisi ni ghali, hii naisema kila wiki). Nyuki yupo.

Kumbe aisii ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi vikawa tambarare, na mkato huo unazaa sauti kali za juu kibao. Spika yangu ya inchi 2 inazitoa hizo hizo, besi haina. Koni kubwa ya karatasi, ule uso wa spika unaotetema, ni nzito, haiwezi kuzifukuza zile za juu kabisa, inazimeza.

Hapo nikamkumbuka mpiga gitaa Willie Kizart. Mwaka 1951 alifika Memphis, Marekani, na bendi ya Ike Turner kurekodi wimbo "Rocket 88", spika ya amplifaya yake Kizart imeharibika njiani. Mwenye studio, Sam Phillips, akaisokomeza karatasi, kazi ikaendelea. Na mpiga gitaa wa blues Hound Dog Taylor kule Chicago alipiga magitaa ya Teisco, ya bei chee kutoka Japani, kupitia amplifaya ya Silvertone ya duka la Sears yenye spika zilizopasuka. Mimi nahangaika na mguu wa 8!

Kwa fundi redio nikapata spika ya inchi 8, omu 8, koni imechanika ukingoni kiasi cha urefu wa kidole gumba. Aliona haya kuniuzia, akaniachia kwa pesa ya chai. Nikaifunga kwenye kreti ya mbao, halafu nikafanya ujinga: nikaziba mpasuko kwa gundi na tishu. Sauti ikatoka nene, safi, ya kanisani. Nusu saa nzima nikaibandua gundi kwa wembe, pumzi nimeibana.

Nikapiga uzi wa sita. Ule ukingo uliolegea ukatetema juu ya noti kama kifua chenye makohozi. Ukigusa taratibu unatulia; ukichapa kwa hasira unakoroma. Na yote hayo kwa nusu wati! Gazeti nalo nilijaribu kulisokomeza, likaizima sauti, nikalitoa.

Daiodi mbili za 1N4148 nilizopanga kufunga wiki hii ili zikwaruze sauti bado zimo kwenye bahasha. Nimekata shingo ya chupa ya soda, naisugua kwa msasa iingie kidole cha mwisho, niitelezeshe juu ya nyuzi.

Saa tano usiku mama mwenye nyumba akagonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo redio imekufa, ipeleke kwa fundi."

"Nimetoka nayo huko huko, mama."